Mwongozo kamili: jinsi ya kufanya asaimenti na AI huku ukifikiri mwenyewe

Naandika hii kwa sababu kitu kilekile kinajirudia kila semista. Mwanafunzi analeta asaimenti imenyooka kabisa, Kiingereza safi, marejeo kumi na kitu yamepangwa chini, alafu siku ya presentesheni anaulizwa swali dogo tu, "hapa ukurasa wa 3 ulikuwa na maana gani", anabaki anaikodolea macho karatasi yake mwenyewe. Na wengi wao sio wavivu. Walikesha na chatboti, wakauliza, wakasoma majibu, wakapanga, walichoka kweli. Shida iko kwenye mpangilio wa kazi: mashine ilianza kufikiri, wao wakaja nyuma kurekebisha nukta na mkato.

Kwaiyo humu hakuna historia ya akili mnemba (ndo hiyo AI) wala mjadala wa kama ni nzuri au mbaya. Ni hatua moja baada ya nyingine, na nitasema kwanini ipo, watu wanaangukia wapi, na utajuaje umefaulu. Nimewalenga zaidi wa vyuo na kidato cha 5 na 6, ila walimu nao kuna sehemu yao kule chini.

Ili tusiongee hewani nachukua swali ambalo karibu kila aliyesoma historia Tanzania amekutana nalo: "Jadili sababu za kushindwa kwa Vita vya Maji Maji, 1905–1907." Ni ile vita ya watu wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani, ambapo mganga Kinjikitile aligawa maji ya dawa akisema yatazuia risasi. Tutaenda na swali hilo mwanzo mpaka mwisho. We weka la kwako hapo, liwe la uchumi, uuguzi, sheria, fasihi, njia ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Namaanisha karatasi, sio notsi za kwenye simu, sababu utaiona hatua ya 2.
- Swali lenyewe neno kwa neno kama mwalimu alivyoliandika, pamoja na maelekezo yake. Sio lile ulilosimuliwa kwenye grupu la WhatsApp.
- Chanzo kimoja au viwili ambavyo umevishika mwenyewe: kitabu cha maktaba, desa la lekcha, makala ya pdf.
- Chatboti moja, yoyote. ChatGPT, Gemini, Copilot, Claude, toleo la bure linatosha kwa kazi hii, usitoe hela.
- Bando la kuhakiki. Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, ni bure, na JSTOR, maktaba ya makala mtandaoni, ukifungua akaunti ya bure wanakuruhusu kusoma makala kadhaa kila mwezi bila kulipa.
- Siku mbili au tatu. Ukianza saa 4 usiku na kazi inatakiwa asubuhi, mwongozo huu hautakusaidia sana, japo kule mwisho nimeweka njia ya dharura.

## Kwanza elewa mashine inafanya nini

Chatboti inatengeneza jibu kwa kubashiri kipande cha neno kinachofuata, kutokana na maandishi mengi mno iliyofundishwa nayo. Haina kabati inayofungua kuangalia kama jambo ni kweli. Ikifika mahali haina kitu haisimami, inaendelea kubashiri kwa sauti ileile ya kujiamini, ndo maana uongo wake na ukweli wake vinasomeka sawa. Zingine sa hivi zinatafuta mtandaoni kabla ya kujibu, hiyo inasaidia, lakini bado inaweza kukuwekea linki sahihi alafu ikadai ukurasa umesema jambo ambalo haujasema.

Ukilielewa hilo, hatua zote zinazofuata utaona kwanini zimekaa hivo.

## Hatua ya 1: Jua sheria ya somo lako

Vyuo vinatofautiana, na ndani ya chuo kimoja wahadhiri wanatofautiana. Mmoja anaruhusu AI kwa kurekebisha sarufi tu, mwingine anataka utaje ulivyotumia, mwingine hataki kabisa. Soma karatasi ya kozi, na kama haijasema muulize kwa maandishi, mfano: "Mwalimu, shikamoo, naomba kujua kama tunaruhusiwa kutumia AI kwenye kazi hii na kwa kiwango gani." Jibu lake litunze.

Umefaulu kama unaweza kusema kwa sentensi moja nini kimeruhusiwa na nini hakijaruhusiwa. Kama hairuhusiwi kabisa, fanya hatua ya 2, 3, 6 (bila ile sehemu ya kuibandikia mashine aya) na 8 peke yake, zinatosha kukupa kazi nzuri.

## Hatua ya 2: Andika jibu lako bovu kabla hujauliza mtu

Simu weka chumba kingine au mpe mwenzako. Chukua daftari.

Anza na neno la amri. "Jadili" sio "taja". Kutaja sababu sita na kuzieleza kila moja kwa aya yake ni kujibu swali lingine kabisa, jadili inataka upime, useme ipi ina uzito kuliko ipi na kwanini, na mtu mwingine angesema nini. Wengi wanapoteza maksi hapahapa, na chatboti nayo ukiibandikia swali hivihivi mara nyingi inakupa orodha.

Alafu andika nusu ukurasa wa jibu lako, kwa lugha yoyote, hata Kiswahili cha mtaani. Kwenye Maji Maji mtu anaweza kuandika: "Nadhani walishindwa kwa sababu waliamini maji ya Kinjikitile yatageuza risasi kuwa maji, hayakugeuza, wakafa wengi. Pia Wajerumani walikuwa na bunduki za kisasa. Pia makabila mengine hayakujiunga." Ni jibu la kawaida sana, na hapa hilo ndo linalotakiwa.

Ukimaliza pitia kila sentensi uweke alama: J kwa ninalolijua, D kwa ninalodhani, S kwa nisilolijua. Hizo D na S ndo orodha yako ya maswali. Kwa mfano huu: ni nani hasa hawakujiunga, na kwanini? Na kama imani ya maji ndo iliwaangusha, mbona vita haikuisha siku waliyoona watu wanakufa kwa risasi?

Kwanini hatua hii ipo. Kuna utafiti ulifanyika kwenye shule ya sekondari Uturuki, wanafunzi karibu elfu moja, somo la hisabati, na mwaka 2025 ulichapishwa kwenye jarida la kisayansi la PNAS. Waliopewa GPT-4 ya kawaida (modeli ya ChatGPT) wakati wa mazoezi walifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wenzao wasiokuwa nayo. Mtihani ulipokuja bila mashine wakafanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kupewa kabisa. Kundi la tatu lilipewa toleo lililowekewa masharti, linatoa vidokezo badala ya jibu, na hasara ile kwao karibu yote ikapotea. Yani chombo ni kilekile, kilichobadilika ni nani anafanya kazi ya kufikiri. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo.

Angalizo. Ukishasoma jibu la mashine huwezi tena kurudi nyuma ukajua wewe ulikuwa unafikiri nini. Jibu lake linakaa kichwani, unaanza kuamini ndo lilikuwa la kwako. Hatua hii hairudiwi, kwaiyo usiiruke hata kama una haraka.

Umefaulu ukiwa na: nusu ukurasa wenye alama, na maswali matatu mpaka matano ambayo ni ya kwako kweli.

## Hatua ya 3: Soma chanzo kimoja na maswali yako mkononi

Sio vyanzo kumi. Kimoja, lakini kisome ukiwa unatafuta majibu ya zile D na S. Hii inakupa kitu cha kusimamia, maana mtu asiyejua chochote kuhusu jambo hana namna ya kukamata kosa la chatboti, atakubali kila kitu.

Kwa swali letu ukisoma chanzo kizuri utakutana na mambo yanayogonga jibu la kwanza. Kinjikitile alinyongwa mapema Agosti 1905, vita ikiwa ndo kwanza imeanza. Mwisho wa mwezi huohuo wapiganaji walishambulia boma la Mahenge na bunduki za mtombo zikawaua wengi, kwaiyo waliona kwa macho kwamba maji hayazuii risasi. Na bado mapigano yaliendelea hadi 1907. Wangoni baada ya kupigwa waliacha kushambulia mabomani wakaingia vita vya kuvizia. Kilichokuja kuwamaliza watu wa kusini ni Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula mpaka njaa ikaingia.

Umeona lile jibu la "maji yaliwadanganya" limeanza kuyumba? Hapo umeanza kujadili, na chatboti bado hujaifungua.

## Hatua ya 4: Fungua chatboti, lakini iambie ikuulize wewe

Hapa ndo penye tofauti kubwa. Kawaida ya watu ni kubandika swali na kubonyeza. We bandika maelekezo, mfano kama haya:

"Nina swali hili: [swali]. Nimeshaandika mawazo yangu: [bandika]. Usinipe jibu. Niulize swali moja kwa wakati mmoja ili nione udhaifu wa hoja zangu. Subiri nijibu ndo uulize lingine. Nikikwama nipe kidokezo, sio jibu."

Itakuuliza, tuseme, "Umesema makabila mengine hayakujiunga. Unafikiri Wahehe walikuwa na sababu gani?" Jibu kwa kichwa chako kwanza. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikufa 1898 baada ya vita ndefu na Wajerumani, miaka saba tu kabla ya Maji Maji, na hali ya utawala Uhehe ilikuwa imebadilika. Ukifika hapo unagundua "kukosa umoja" haielezi kitu, ni jina tu la jambo linalohitaji kuelezwa. Umoja wa nani na nani? Kwanini watu waliopigwa juzi walazimike kuingia vita nyingine? Aya moja inayouliza hivyo ina uzito kuliko aya sita za orodha.

Jibu kwa kuandika, sentensi mbili tatu, usijibu "ndio" na "sawa". Mazungumzo ya dakika ishirini yanatosha, kadiri unavyoendelea maswali yake yanaanza kujirudia.

Maangalizo ya hatua hii, na ni muhimu:

Chatboti inapenda kukubaliana na wewe. Ukiiambia "nadhani umekosea" mara nyingi inaomba radhi na kugeuka hata kama ilikuwa sahihi. Aprili 2025 OpenAI wenyewe, kampuni ya ChatGPT, walilazimika kuondoa sasisho la modeli yao ya GPT-4o kwa sababu lilikuwa linawasifu watumiaji kupita kiasi. Kwaiyo ikisema "hoja yako ni nzuri sana" usiihesabu kama maksi. Ijaribu hivi: leo iambie hoja yako, baadae fungua mazungumzo mapya uiambie hoja iliyo kinyume kabisa, kama zote mbili imezisifia, umeshajua sifa zake zina thamani gani.

Nyingine, kwa wanaosoma Kiswahili. Kwenye ushairi usiiamini ikuhesabie mizani. Inasoma vipande vya maneno, haisomi silabi kama sisi tunavyozitamka, inaweza kukuambia mshororo una mizani 16 wakati una 15 au 17, tena bila wasiwasi wowote. Hesabu kwa vidole. Na ukiiomba methali inaweza kukutungia ambayo hakuna bibi wala babu yeyote amewahi kuisema, alafu wewe unaipeleka kwa mwalimu aliyezeeka na Kiswahili.

Umefaulu kama kuna angalau wazo moja kwenye daftari lako umelifuta na kuandika lingine, na unaweza kusema ni swali gani lilikufanya ufute.

## Hatua ya 5: Hakiki kila dai, moja moja

Hii ndo hatua inayochosha na ndo inayookoa watu. Chora safu tatu kwenye daftari: dai, nimelikuta wapi kwa macho yangu, uamuzi. Kila tarehe, namba, jina na rejeo lililotoka kwa mashine linaingia humo. Uamuzi ni mmoja kati ya mitatu: limethibitika, linabishaniwa, natupa.

Chukua idadi ya waliokufa Maji Maji. Chatboti moja itakupa 75,000, nyingine itakwambia kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wanachagua moja wanasonga mbele. Simama. Uliza namba hizi zimetoka kwa nani. Ile ya 75,000 ni makadirio ya upande wa Wajerumani, hizo kubwa ni za wanahistoria waliokuja kuhesabu na watu waliokufa kwa njaa iliyofuata. Hapo umepata hoja nzima: ukihesabu waliokufa kwa risasi tu unaeleza vita moja, ukihesabu na njaa unaeleza nyingine, na jibu lako la "walishindwaje" linabadilika. Weka "linabishaniwa", na ubishi huo uandike kwenye kazi yako.

Marejeo yanahakikiwa hivi:

1. Kopi jina la makala, liweke ndani ya alama za kunukuu, tafuta Google Scholar.
2. Likitokea, linganisha mwandishi, mwaka na jarida. Mashine inapenda kuchukua mwandishi wa kweli na kumpa makala ambayo hakuandika, au makala ya kweli na kuipa mwaka mwingine. Mfano, John Iliffe kweli aliandika kuhusu namna Maji Maji ilivyopangwa, ni makala ya mwaka 1967 kwenye The Journal of African History. Ukiletewa Iliffe huyohuyo na mwaka mwingine au jarida lingine, tafuta mpaka ujue lipi ni lipi.
3. Fungua makala yenyewe utafute ukurasa uliotajwa. Kama hujauona huo ukurasa hujamsoma, usimtaje.
4. Likikosekana Google Scholar, jaribu katalogi ya maktaba ya chuo au muulize mkutubi. Vitabu vya zamani vya hapa nyumbani vingine havipo mtandaoni, kukosekana huko peke yake hakutoshi kusema ni uongo.
5. Ukikosa kote, tupa.

Angalizo kubwa: usiiulize chatboti kama rejeo lake ni la kweli. New York mwaka 2023 kuna kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani kesi za kunukuu zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja alikuwa ameiuliza mashine kama kesi ile ipo kweli, ikamjibu ipo. Jaji P. Kevin Castel akawapiga faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili wenye leseni na walibanwa na kitu kilekile kinachombana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Umefaulu kama safu ya katikati haina nafasi wazi hata moja.

## Hatua ya 6: Funga chatboti, andika

Rasimu ya kwanza unaandika wewe na daftari lako tu.

Mwaka 2025 watafiti wa MIT Media Lab, chuo cha MIT Marekani, walitoa ripoti ya jaribio la watu 54 walioandika insha huku mawimbi ya ubongo yakipimwa. Waliotumia ChatGPT, wengi wao walishindwa kunukuu sawasawa hata sentensi moja ya insha waliyotoka kuiandika muda mfupi tu nyuma. Ni kundi dogo na ripoti ilitoka kabla ya kupitiwa na wataalamu wengine, usiinukuu kama sheria, lakini wahadhiri wanaosimamia presentesheni hawatashangaa.

Sasa niongee jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema. Wengi hawakimbilii AI kwa kukosa mawazo, wanakimbilia kwa sababu ya Kiingereza. Umesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari ukabadilishiwa lugha, chuo unatakiwa uandike kurasa kumi kwa Kiingereza, na unajua kabisa unachotaka kusema ila sentensi hazitoki. Hiyo ni shida ya kweli na haimaanishi akili yako ni ndogo. Ila ukimpa mashine aandike kila kitu, anakubadilishia lugha na anakubadilishia hoja kwa pamoja, na ile ya pili huioni.

Fanya hivi:

1. Panga hoja zako kwa Kiswahili, kila aya sentensi moja: "Aya hii inasema kwamba njaa ilikuwa silaha kubwa kuliko bunduki."
2. Andika aya kwa Kiingereza chako, hata kama kimevunjika. Sentensi fupi.
3. Bandika aya moja kwa wakati na maelekezo: "Nionyeshe makosa ya sarufi na unieleze kila kosa kwa Kiswahili. Usiandike upya aya yangu. Usibadilishe hoja."
4. Sahihisha kwa mkono wako.

Wiki za mwanzo itaenda taratibu. Lakini makosa ni yaleyale yanajirudia, ukishaelezwa mara kadhaa yanapungua, na kozi nyingine hutahitaji tena kuuliza.

Umefaulu kama ukifunika aya yoyote unaweza kuisema kwa Kiswahili bila kuchungulia.

## Hatua ya 7: Ipe rasimu, iambie ikupinge

"Wewe ni mhadhiri mkali wa historia. Soma rasimu hii. Usinisifie. Nipe hoja tatu nzito za kuipinga, na uonyeshe sentensi ambazo zimedai jambo bila ushahidi. Usiandike upya chochote."

Ukipata hizo tatu usizikubali zote. Angalau moja itakuwa dhaifu, au imeisoma vibaya rasimu yako. Andika pembeni: hii nakubali kwa sababu hii, hii nakataa kwa sababu hii. Kama huwezi kukataa hata moja rudi hatua ya 3, maana yake bado hujui vya kutosha kubishana. Kazi yote ya kujenga fikra inafanyika kwenye huko kukataa kwa sababu.

Kwa wanaofanya utafiti, usibandike humo majina, namba za simu wala maelezo ya watu uliowahoji. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mbali na sheria, yule mama wa sokoni alikueleza mambo yake wewe, hakuyaeleza kampuni.

## Hatua ya 8: Jaribio la kusimama bila simu

Tafuta mwenzako, ikiwezekana asiyesoma kozi yako. Simu mezani zimegeuzwa. Mweleze hoja yako kwa dakika tano kwa Kiswahili, bila karatasi. Alafu akuulize hivi:

- Sababu kubwa kuliko zote ni ipi, na kwanini sio ile nyingine?
- Umejuaje?
- Ni kitu gani kingekufanya ubadilishe mawazo?

La tatu ndo linawakwamisha wengi. Kwa mfano wetu jibu zuri lingekuwa: "Ningekuta ushahidi kwamba wapiganaji walikuwa wameshajisalimisha kabla mashamba hayajachomwa, ningeacha hoja ya njaa." Mtu anayeweza kusema hivyo amefikiri.

Ukikwama mahali, weka alama hapo kwenye rasimu. Sehemu hiyo hukuielewa hata kama imeandikwa vizuri, rudi kwenye chanzo.

## Hatua ya 9: Tamko na ushahidi wa kazi yako

Chini ya kazi weka tamko fupi la ukweli, mfano: "Nilitumia ChatGPT kuniuliza maswali kuhusu hoja zangu na kuonyesha makosa ya sarufi. Hoja, vyanzo na uandishi ni vyangu."

Alafu tunza ushahidi: picha za kurasa za daftari, rasimu za zamani, na kama unaandika kwenye Google Docs historia ya mabadiliko inajitunza yenyewe. Hii inakulinda, maana programu za kutambua maandishi ya AI zinakosea, na zinatukosea zaidi sisi ambao Kiingereza sio lugha ya nyumbani. Watafiti wa chuo cha Stanford Marekani mwaka 2023 walizijaribu programu saba kwa insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho) zilizoandikwa na watu, kwa wastani asilimia 61 zikahukumiwa kuwa za mashine. Na OpenAI walikuwa na programu yao ya kutambua, wakaifunga Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Kuna hizi programu za kulipia zinazodai zinabadilisha maandishi ya AI yaonekane ya binadamu, achana nazo. Zinaharibu maana, zinaweka maneno ya ajabu, na ukiulizwa unakuwa na makosa mawili ya kujieleza.

## Kwa walimu

Swali linaloweza kujibiwa lote na chatboti kwa sekunde kumi, libadilishe. Njia ninayoiamini kuliko zote: toa jibu la chatboti lililochapwa, wape wanafunzi walisahihishe kwa kalamu nyekundu, wakitaja kila kosa na chanzo cha kulithibitisha. Haihitaji kompyuta hata moja darasani, ila karatasi tu, na darasa la watoto 70 linaweza kufanya kwa makundi.

Njia nyingine ni kuunganisha swali na kitu cha mahali mlipo, mahojiano na wazee wa kijiji, bei za soko lenu, mto wenu. Na tenga dakika mbili za mdomo kwa kila mwanafunzi, hata kama ni kwa kuchagua wachache kila wiki bila taarifa. Kwa walio shule ya msingi, mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 ulipendekeza zana hizi zisitumiwe darasani na walio chini ya miaka 13.

## Vikwazo vinavyoulizwa sana

Sina laptop. Hatua zote zinaenda kwa simu na daftari. Rasimu iandike kwa mkono, ukichapa steshenari ichape mwishoni kabisa.

Kazi ni kesho. Fanya hatua ya 2 kwa nusu saa, soma chanzo kimoja, andika, fanya hatua ya 5 kwa kila rejeo. Marejeo manne uliyoyaona yanatosha kuliko kumi na mawili usiyoyajua. Hatua ya 4 na 7 ziache.

Chatboti inanipa jibu hata nikiikataza. Inatokea mazungumzo yakiwa marefu, inasahau masharti. Fungua mazungumzo mapya, bandika maelekezo tena.

Ni kazi ya grupu na mmoja ameshaileta yote kutoka kwenye AI. Msiibishie grupu nzima kwa meseji. Kaeni, kila mtu achukue aya moja, aifanyie hatua ya 5 na hatua ya 8 mbele ya wenzake. Aya itakayokosa chanzo au mtu wa kuieleza inaandikwa upya palepale, na jina la aliyeieleza linaandikwa kwenye orodha ya nani ataisimamia siku ya presentesheni.